UZI: Marefa wa kikapu, kabla ya mchezo mnapanga nini hasa? Tuzungumze kwa undani

Mleta uzi

Wakuu, habari za muda huu. Uzi huu ni wa marefa wa mpira wa kikapu, watu wa meza (wanaoandika alama na kushika saa), makocha, na yeyote anayetaka kujua kinachozungumzwa kwenye chumba cha waamuzi kabla ya mchezo kuanza.

Nimekaa kwenye vikao vingi vya aina hii. Vingi vinakwenda hivi: kiongozi anasema "tuwe makini, tusaidiane, tutazamane", wote wanaitikia, watu wanafunga viatu na kutoka. Hapo hakuna kilichopangwa. "Tusaidiane" halimwambii mtu asimame wapi, wala amwachie mwenzake lini. Wengine wanakwenda kinyume kabisa: kiongozi anafungua kitabu cha kanuni na kuanza kuhubiri, vijana wanatikisa vichwa huku mawazo yao yameshafika uwanjani.

Msimamo wangu ni kwamba kikao hiki ni cha kuzungumzia sehemu ambazo waamuzi wawili wanaona tukio lilelile. Kanuni kila mtu aje nazo kichwani. Eneo ambalo ni lako peke yako halihitaji mjadala. Mchezo unaharibika pale maeneo yanapopakana: filimbi mbili zinalia kwa pamoja na kila moja ina uamuzi wake, au hailii hata moja kwa sababu kila mtu alidhani ni ya mwenzake. Hiyo ya pili ndiyo inayoniuma zaidi, maana mchezaji kaangushwa chini mbele ya watu watatu waliopewa kazi ya kumlinda.

Kwa wageni: katika mfumo wa waamuzi watatu kuna lidi, anayekaa nyuma ya mstari wa mwisho karibu na kikapu, treli, anayefuata nyuma ya mchezo, na senta, anayesimama upande wa pili, karibu na usawa wa mstari wa mrusho huru. NBA, ligi kuu ya Marekani, wana watatu moja kwa moja tangu msimu wa 1988–89. FIBA, shirikisho la kikapu la dunia, inaruhusu wawili au watatu, na kwenye ligi nyingi za chini bado ni wawili.

Mfano mmoja ambao mimi sitoki kwenye kikao mpaka tuumalize. Mchezaji anaupokea mpira upande wa senta, anapiga dribo moja, anapenya kwenda kikapuni. Mlinzi wa pili anatoka chini ya kikapu kuja kumkatia njia. Wanagongana. Nani apulize? Safari imeanzia kwa senta, yeye ndiye aliyemwona mshambuliaji tangu hatua ya kwanza. Lakini mgongano umetokea mbele ya macho ya lidi, na mlinzi wa pili alikuwa mtu wa lidi. Msipolipanga hili mkiwa mmekaa, hamtalipanga ndani ya nusu sekunde.

Ninavyolipanga mimi: mpenyo ulioanzia kwa senta, senta ana haki ya filimbi ya kwanza. Lidi avute pumzi moja, na aingie tu ikiwa senta kanyamaza na mgongano umeathiri mchezo. Mlinzi wa pili aliyetoka chini, hapo tunakubaliana waziwazi kwamba lidi ndiye mwenye kuamua kama alikuwa amesimama kihalali. Na filimbi zikilia mbili, ngumi zote juu, HAKUNA anayetoa ishara ya aina ya faulo mpaka wametazamana. Mmoja anashusha mkono, mwenzake anamalizia.

Karibuni, kila mtu aseme anachopanga yeye.

---

Filimbi_Kavu

Mkuu umenena. Hapo kwenye ngumi juu na kusubiri naomba nikazie, maana vijana wanadhani ni urembo tu.

Hatari yake ni hii: mmoja anaonyesha faulo ya mlinzi, mwingine anaonyesha chaji (faulo ya mshambuliaji), kwa tukio moja, mbele ya ukumbi mzima. Kwa kanuni za shule za sekondari za Marekani, ishara zote mbili zikishatolewa hamwezi tena kuchagua moja. Zinaripotiwa zote kama faulo ya pande mbili. Yaani mmewaadhibu watu wawili kwa kosa ambalo mnajua kabisa ni la mmoja. Kwingine waamuzi wanaruhusiwa kukaa pamoja wakachagua uamuzi mmoja, lakini hata hapo kocha aliyeiona ishara iliyompendelea hatakubali kwamba ilifutwa kwa haki. Mtakuwa naye mpaka mwisho wa mchezo.

Kwa hiyo mimi kwenye kikao tunafanya kwa vitendo, hatusemi tu. Tunasimama chumbani, mmoja anakuwa lidi, mmoja senta, tunapuliza bila filimbi, tunanyanyua ngumi, tunatafutana macho. Mwili ukishafanya mara mbili tatu unakumbuka.

Niongeze na mzunguko. Lidi anapovuka kwenda upande wenye mpira, senta wa upande ule anakuwa treli na treli wa zamani anakuwa senta. Ni rahisi kwenye karatasi. Tatizo linakuja lidi akiwa katikati ya safari na mpira ukarudishwa upande ule ule aliotoka. Mkiwa hamjakubaliana, mtajikuta mna matreli wawili na upande mmoja hauna mtu kabisa. Makubaliano yetu: lidi akiwa hajafika, na mpira ukarudi, anarudi alikotoka. Asiposimama wazi upande mpya, hakuna anayebadilisha jina la nafasi yake.

---

Karatasi_ya_Alama

Mimi ni mtu wa meza, na nasema kwa uchungu kidogo: waamuzi wengi kikao chao kinaishia mlangoni. Wakija mezani ni salamu na kusaini. Sisi wa meza tuko wanne au watano, kila mmoja na kifaa chake, na makosa yetu yanawaangukia nyinyi.

Muda upo. Kwa kanuni za FIBA, orodha ya wachezaji inatakiwa iwe kwa mwandishi angalau dakika 40 kabla ya mchezo. Mamlaka ya waamuzi yanaanza wanapoingia uwanjani dakika 20 kabla. Dakika 10 kabla, makocha wanathibitisha majina, wanasaini na kutaja watano wa kuanza. Kati ya 20 na 10 kuna nafasi nzuri kabisa ya kiongozi kuja mezani na kuongea na mtu mmoja mmoja.

Anayebonyeza saa ya sekunde 24, yaani muda wa timu kushambulia kabla ya kurusha, ndiye anayehitaji maneno mengi kuliko wote. Kwake kila kitu kinategemea kama mpira umegusa pete au haukugusa. Mpira ukigusa pete na timu iliyoshambulia ikaupata tena, saa inawekwa 14. Timu pinzani ikiuchukua, ni 24. Mpira ukipita hewani bila kugusa kitu na mshambuliaji yuleyule akaudaka, saa inaendelea kama ilivyo. Hapo ndipo vidole vinapokimbia: ukumbi unapiga kelele, mtu anabonyeza. Na akishabonyeza, lazima mmoja wenu awe anaikumbuka namba iliyokuwepo. Mmeshakubaliana ni nani? Mara nyingi nikiuliza, wanatazamana.

Jambo jingine: saa ya 24 ikilia kimakosa wakati timu inaumiliki mpira, kanuni inasema mlio upuuzwe, mchezo uendelee, isipokuwa mwamuzi aone kwamba timu iliyokuwa inalinda imeumizwa na kosa lile. Mwambieni mtu wa meza mapema kwamba ikitokea hivyo mtaonyesha kwa mkono kwamba mchezo unaendelea, ili asiingiwe na hofu akaanza kubonyeza tena.

Wanaodhani meza ni jambo dogo wakumbuke fainali ya Olimpiki ya 1972, Munich. Marekani wanaongoza 50–49, zimebaki sekunde 3, Doug Collins kamaliza mirusho yake huru. Honi ikalia wakati mrusho wa pili unapigwa, Wasovieti wakadai waliomba taimauti, mchezo ukaanza ukasimamishwa. R. William Jones, katibu mkuu wa FIBA, akashuka kutoka jukwaani na kuagiza sekunde 3 zirudishwe, ingawa hakuwa na mamlaka hayo ndani ya mchezo. Mpira ukarushwa saa ikiwa bado haijarekebishwa, honi ikalia, Wamarekani wakashangilia, halafu ikaamuliwa mchezo urudiwe tena. Mara ya tatu Edeshko akarusha mpira wa urefu wa uwanja, mwenzake Alexander Belov akafunga, Wasovieti wakashinda 51–50. Wamarekani wakakataa medali za fedha, na refa Renato Righetto wa Brazil akakataa kusaini karatasi.

Yule refa alikuwa anasimamia mchezo ambao taimauti, honi na saa kila kimoja kilikuwa na lugha yake. Mimi kila nikikaa mezani naomba tukubaliane ishara ya "simamisha, saa haiko sawa" kabla mpira haujarushwa juu.

---

Dada_Refa

Mchango wa hapo juu uwekwe kwenye fremu. Ahsante sana wa meza.

Naomba kuuliza wakubwa zangu. Mimi ni mgeni kwenye kazi hii, bado nachezesha michezo ya wawili tu. Mengi mliyoandika ni ya watatu. Sisi wawili tuzungumze nini? Maana nikipangwa na mkubwa, anazungumza yeye mwanzo mwisho, mimi naitikia.

---

Mleta uzi

Dada karibu, na swali lako ni la msingi.

Wawili mna kazi ngumu zaidi, maana sehemu zisizo na mtu ni nyingi. Uwanja ni mita 28 kwa 15 na macho ni manne. Kwa hiyo badala ya kupanga nani aachie, mnapanga kipi mtakubali kitazamwe kwa mbali, na nani anyooshe shingo kukiona. Mambo matatu ya kwenu:

Kwanza, upande wa mbali na treli, mpira ukiwa kona ile. Lidi yuko chini, treli yuko upande wa pili. Ni nani anaangalia kama mguu umekanyaga mstari wa mita 6.75 kwenye mrusho wa pointi 3? Semeni kabisa.

Pili, mashambulizi ya haraka. Yule aliyekuwa treli anageuka kuwa lidi na anakimbia mbele na mpira. Mwenzake nyuma ajue kwamba wale wachezaji wawili waliobaki wanasukumana chini ya kikapu cha zamani ni wake, hata kama watu wote wanatazama mbele. Mambo mabaya mengi hutokea huko nyuma.

Tatu, mrusho wa mwisho wa robo. Treli ana saa na taa, lidi ana miili chini ya kikapu. Kwa uwanja wenye taa kwenye ubao, nyekundu ndiyo inayomaliza robo; ile ya njano ni ya sekunde 24. Swali linakuwa mpira ulikuwa umetoka mkononi au la. Lidi asigeuke kutazama saa hata akishawishika vipi, maana akigeuka hakuna anayeona faulo. Kwenye watatu, kazi hiyo ya saa kwa kawaida anapewa aliye upande wa pili wa meza, awe treli au senta. Wakitofautiana, kwa FIBA kiongozi ndiye mwenye neno la mwisho.

Kuhusu kuitikia tu: mkubwa akimaliza, muulize swali moja la hali halisi. "Mimi niko lidi, mpira unapenya kutoka upande wako, mlinzi anatoka chini. Unanitaka nifanye nini?" Hakuna mkubwa atakayeona umemvunjia heshima, na jibu lake litakufaa kuliko hotuba yote.

---

Kocha_Msaidizi

Naandika kama mtu wa benchi. Mnaongelea wachezaji na makocha kwenye hicho kikao au hamuongelei? Niwe mkweli: mara nyingine tunahisi mmekuja uwanjani mkiwa mmeshamhukumu mtu. Mchezaji wetu mmoja mwenye nguvu anapata faulo mbili kabla hajatoa jasho.

---

Filimbi_Kavu

Kocha, swali zito, na sitalikwepa.

Tunaongelea mchezo wenu. Timu inayobana uwanja mzima tangu mwanzo inabadilisha kazi yetu: treli anabaki nyuma na walinzi wengi, anahesabu sekunde 8 za kuvusha mpira nusu ya uwanja, anahitaji senta asikimbilie mbele. Timu inayoweka skrini nyingi (mshambuliaji kumzibia njia mlinzi) mbali na mpira inamlazimu senta aache kuufuata mpira kwa macho. Hayo lazima yasemwe.

Tusichotakiwa kusema ni "namba fulani ni mchafu, mfungulieni macho". Ukishasikia hivyo, mguso ambao ungeuacha kwa mwingine kwake utaupuliza. Nimesikia vikao vya namna hiyo na napinga kabisa. Kitu pekee ninachokubali kuhusu mtu ni cha kumlinda: mchezaji fulani anarukia mirusho akiwa mbali, kwa hiyo mtazame mlinzi wake kama anamwachia nafasi ya kutua.

---

Mleta uzi

Hapo natofautiana na mkuu kidogo. Kama timu hizi mbili zilipigana mara ya mwisho zilipokutana, na ni watu wawili walioanzisha, siwezi kuwanyima wenzangu taarifa hiyo. Nikiinyamazia nitakuwa nimewaacha waingie gizani. Nitaisema hivi: "hawa wawili wakikaribiana mpira ukiwa umekufa, yaani mchezo umesimama, mmoja wetu awe karibu". Karibu tu. Sijasema apulize.

Na ugomvi ukitokea, mgawanyo uwe umeshafanyika: aliye karibu anashughulika na wanaogombana, mwingine anatazama benchi moja, wa tatu benchi la pili, anashika namba za wanaonyanyuka. Kwa FIBA, anayetoka eneo la benchi wakati wa ugomvi anaweza kutolewa mchezoni. Kocha mkuu na msaidizi wa kwanza ndio wanaoruhusiwa kuingia, na ni kwa ajili ya kusaidia kutuliza. Mkikimbilia wote katikati hamtajua nani alitoka, na mtaanza kukisia. Kukisia mtu wa kumfukuza ni dhuluma.

Kwa upande wa makocha: tunakubaliana kwamba onyo alilotoa mmoja ni onyo la wote. Nikimwambia kocha "imetosha", kwenye mpira uliokufa unaofuata wenzangu wanaambiwa. Hii inamlinda hata kocha mwenyewe, maana hapewi maonyo matatu tofauti na watu watatu, kisha akashangaa faulo ya ufundi (ya utovu wa nidhamu) imetoka wapi. Anajua alipofika. Mbili za kwake mwenyewe zinamtoa nje.

---

Kocha_Msaidizi

Nimekuelewa, na hiyo ya onyo kuwa la wote ningependa kila refa aisome. Kinachotukera sisi si kukatazwa. Ni pale mmoja anaongea nasi vizuri, tunatulia, kisha mwenzake anakuja na hasira kana kwamba hakuna kilichosemwa.

---

Dada_Refa

Swali la mwisho kutoka kwangu. Ikitokea kiongozi amekosea kanuni, si kuona, KANUNI, na mimi ni mdogo kwake. Mfano amempa mtu mirusho huru miwili wakati faulo za timu hazijafika. Hilo nalo linapangwa kabla? Maana uwanjani kusema ni kazi.

---

Karatasi_ya_Alama

Dada, kwa mfano wako huo, meza pia tunatakiwa tuwe tumeshanyanyua alama ya faulo. Kwa FIBA mirusho inaanzia faulo ya 5 ya timu kwenye robo, na tunakuwa na alama nyekundu mezani. Ukiona mkanganyiko, tutazame sisi kwanza, kabla hata hujamfuata yeye.

---

Mleta uzi

Linapangwa, tena kiongozi ndiye anayepaswa kulianzisha. Mimi nawaambia wenzangu kabla hatujatoka: kwenye kuona, aliyepuliza ana uamuzi wake. Kanuni zenyewe zinasema hakuna mwamuzi mwenye mamlaka ya kufuta uamuzi wa mwenzake uliofanywa ndani ya mipaka ya kazi yake. Ukiwa na taarifa ambayo yeye hakuwa nayo, unamsogelea, unamwambia ulichokiona, na akibadilisha anabadilisha mwenyewe. Lakini kwenye kanuni sihitaji heshima ya kunyamaziwa. Piga filimbi, simamisha, njoo useme.

Na usichelewe, maana muda una mpaka. Mirusho iliyotolewa bila kustahili ni kosa linaloweza kusahihishwa, lakini lazima ligundulike kabla mpira haujawa hai baada ya kusimama mara ya kwanza saa ikiwa imeshaanza kukimbia kufuatia kosa hilo. Ikipita hapo, imepita, hata kama ukumbi mzima umeliona.

Kwa hiyo tunakubaliana na neno lenyewe la kutumia. Kwetu ni "kanuni". Mdogo akija akasema "kanuni", mkubwa haulizi kwa nini umenisimamisha. Anaurudisha mpira mkononi, anaitazama meza, anasikiliza. Dada, mchezo wako ujao mwombe mwenzako mkubaliane neno lenu kabla hamjatoka chumbani, halafu rudi hapa utuambie alilipokeaje.